Naomba ushauri: mshahara wa bwana umekatika, nyumbani hakukaliki

Ndugu zangu, niko Goma, mashariki mwa Kongo. Bwana yangu ni mfanyakazi wa serikali. Tangu waasi wa M23 waingie mjini Januari 2025 na benki kufungwa, mshahara wake umekuwa hadithi. Sasa mimi ndiye ninayelisha watoto: alfajiri nachukua sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, soko la Kituku, nazungusha mitaani. Jioni ananisubiri mlangoni, anahesabu faranga noti kwa noti, kisha anauliza nani aliyeninunulia soda. (Soda gani, jamani?) Zamani hakuwa hivi. Kaka yake anamwita aende mji wa Beni, ulio mikononi mwa serikali, akatafute mshahara huko. Mama mkwe anasema nikibaki peke yangu nitaharibika. Nimwache aende, au tuhame wote biashara ife? Mliopitia haya, nisaidieni.