Kwa baiskeli hadi Nanenane: gumzo la UKOO WA MIKINDANI

Salumu (Dar): Asalaam aleikum wote. Shikamoo mjomba, shikamoo mama mdogo. Mimi na wenzangu wawili tunakuja Mtwara na baiskeli wiki ya Nanenane. Tunataka kuendesha Mtwara hadi Lindi, tuone maonyesho pale Ngongo, kesho yake turudi kwa barabara hiyo hiyo. Tukishapumzika twende Newala tukapande milima. Naomba ushauri wenu mnaozijua njia.

Dada Zai (Lindi): Waaleikum salaam mdogo wangu. Karibuni sana. Kulala ni kwangu, hilo halina mjadala.

Shaibu: Karibu kaka. Ujue Mtwara–Lindi ni kilomita 100 na ushee, na vilima vipo. Ukishaiacha Mikindani tu unaanza kupanda.

Mjomba Bakari: Marahaba mpwa wangu. Kwenda nakubali. Kurudi kwa baiskeli sikubali, na sababu ninayo. Ngoja niswali kwanza.

Mama Mdogo Somoe (Newala): Marahaba baba. Afadhali kaka aseme yeye. Mimi nikisema mtaona uoga wa mama.

Salumu: Nasubiri mjomba. Tumefanya mazoezi ya kutosha, Dar–Bagamoyo tunaenda na kurudi.

Shaibu: Nguvu mnazo, hapo hakuna shaka. Baba ana lake.

Mjomba Bakari: Nimerudi. Barabara ile nimeiendesha miaka mingi na tenga la samaki kwenye keria, kwa hiyo naongea ninachokijua. Mwezi wa nane upepo ni wa kusi. Unatoka huku kwetu unaelekea kwao Zai. Mkitoka Mikindani asubuhi mnaupata mgongoni mpaka njia panda ya Mnazi Mmoja, baiskeli inateleza. Watu wanafikiri faida yake ni wepesi. Kwangu mimi faida kubwa ni masikio. Upepo wa nyuma unakuletea mlio wa gari likiwa bado mbali, unapata muda wa kujisogeza. Siku ya kurudi upepo uko usoni, masikio yanavuma tu, gari linakufikia mgongoni hujasikia kitu.

Mjomba Bakari: Na malori ya sasa si yale ya zamani. Makaa ya mawe ya Ruvuma yanapita Tunduru, Masasi, yanakatia Mnazi Mmoja kuja bandarini hapa. Ongeza magari ya saruji. Msimu wa korosho ukifungua ndiyo balaa kabisa, ila nyie mnakuja kabla yake.

Salumu: Nimekuelewa mjomba. Lakini yenye mzigo si yanakuja Mtwara? Ina maana tukienda Lindi, yanayotupita kwa nyuma ni matupu, na matupu ndiyo yanakimbia. Sasa kwenda si ndiyo hatari zaidi?

Mjomba Bakari: Swali zuri. Tupu linakimbia, kweli. Lakini linapiga kelele, bodi linagonga, turubai linapigapiga, na upepo unakuletea yote hayo. Dereva wake akikuona anaweza kukukwepa. Lenye mzigo likiteremka kilima haliwezi kukukwepa wala kusimama ghafla, na wewe uko mbele yake huna habari. Kati ya hayo mawili nakuchagulia tupu.

Shaibu: Mimi na bodaboda yangu nakubaliana na baba. Niongeze moja: lori likikupita linakusukuma kwanza kwenda porini, halafu kichwa kikishapita linakuvuta kuelekea kwenye matairi ya tela. Mvuto huo wa pili ndio unaoangusha watu. Usishike breki, usikaze mikono. Legeza viwiko, endelea kukanyaga, macho mbele. Na mkiwa watatu mpangane mmoja nyuma ya mwenzake, maongezi mtayafanya kwa Dada Zai.

Mama Mdogo Somoe: Ya Rabi. Haya ndiyo sikutaka kuyasikia.

Mjomba Bakari: Somoe, bora ayasikie hapa. Salumu, muondoke saa kumi na mbili, mwanga ukishatoka. Gizani sitaki. Kabla jua halijawa kali muwe mmeshapita Mpapura. Mkifika Mnazi Mmoja msishuke kwenye baiskeli na kujilaza, miguu itaganda. Kunyweni, kuleni kitu chepesi, mkunje kulia. Malori ya makaa mnayaacha hapo. Kipande cha mwisho ni kilomita 20 na kitu, upepo utakuwa unawapiga ubavu wa kulia, mtaona kama baiskeli inataka kutoka nje ya lami. Endesheni polepole tu.

Dada Zai: Na kurudi mtapanda Coaster. Nitaongea na kondakta mapema baiskeli zifungwe juu vizuri, zisilaliwe na magunia.

Salumu: Sawa, kurudi ni Coaster. Nimekubali mjomba, na wenzangu nitawaeleza hilo la masikio, sijawahi kulisikia kwa mtu.

Bibi (simu ya Zai): Salumu mume wangu, hao wenzio wanakula ming'oko?

Salumu: Shikamoo bibi! Watakula kila utakachowapa.

Bibi (simu ya Zai): Marahaba. Nawachemshia. Na samaki wa nazi.

Shaibu: Bibi mimi je? 😄

Bibi (simu ya Zai): Na wewe uje na baiskeli.

Salumu: Mama mdogo, sasa nieleze ya Newala. Tulifikiri tupande kutoka Mtwara, tulale Tandahimba, kesho yake Newala.

Mama Mdogo Somoe: Baba, mnaianza kwa mkiani. Uwanda wetu huu umeinuka upande wa huku, halafu unalala kidogo kidogo kuelekea baharini. Kutoka Mtwara mtapanda siku mbili. Kutoka huku mnateremka kwa utaratibu, na kwenye vilima vya katikati mnapanda kidogo tu. Njooni na basi, mlale kwangu, jioni niwapeleke Shimo la Mungu mkaone bonde la Ruvuma na Msumbiji ng'ambo. Pale ukingoni ardhi inakatika ghafla, unaona miti chini kama majani ya mboga. Asubuhi muanze safari ya kurudi pwani. Ni kama kilomita 140, mzigawe siku mbili, mlale Tandahimba.

Mjomba Bakari: Somoe amesema kweli. Na malori ya makaa hayapiti huko.

Salumu: Barabara ikoje? Matairi yetu ni membamba.

Mama Mdogo Somoe: Mnivata hadi Mtwara, kilomita 50 zile, ni lami safi. Huku juu kuna sehemu mafundi wako kazini, mtakutana na kokoto na vumbi. Mkiweza badilisheni matairi muweke mapana kidogo. Msije mkadanganyika mkateremka upande wa Masasi kwa kutaka mwendo. Mteremko ule ni mkali.

Shaibu: Na breki za kubana rimu ukizishikilia mfululizo rimu inapata moto, tyubu inapasuka ukiwa kwenye kona. Shika, achia, shika, achia. Na upunguze kabla hujaingia kwenye kona.

Mama Mdogo Somoe: Mambo mawili bado. La kwanza maji. Huku juu hatuna mito, mvua yote inanywewa na mchanga. Ndiyo maana mtakutana na watu wanasukuma baiskeli zimebeba madumu. Msipite kijiji chupa zikiwa nusu, na ukipewa maji ujue umepewa kitu cha thamani, shukuru kwa kukaa na kuongea nao kidogo.

Mama Mdogo Somoe: La pili salfa. Wakati huu mikorosho inachanua, watu wanapuliza dawa ya ugonjwa wa ubwiri unga. Wanapuliza alfajiri, majani yakiwa na umande na upepo umetulia, yaani saa zile zile mnazozipenda nyie za kuendesha. Utaona ukungu wa njano umekaa juu ya barabara. Ukiingia na pumzi za haraka za mtu anayekanyaga, kifua kinawaka na macho yanatiririka. Leteni miwani na leso ya kufunga puani. Mkisikia mashine inanguruma shambani, simameni mpaka wingu lipite.

Salumu: Mama mdogo, hili lingetukuta vibaya. Mwenzangu mmoja ana pumu.

Mama Mdogo Somoe: Basi huyo msiondoke naye mapema. Muanze saa mbili, mashambani wakishamaliza. Jua la huku juu mwezi wa nane si kali, baridi ipo. Na dawa yake akae nayo mfukoni, asiiweke kwenye begi la nyuma.

Salumu: Sawa. Tutaanza saa mbili. Mjomba, Mikindani tunaweza kusimama? Wenzangu wanataka kuona Boma.

Mjomba Bakari: Siku ya Lindi hapana, mtapoteza asubuhi. Njooni jana yake jioni, kutoka Mtwara ni kilomita 10 tu kando ya maji. Nitawatembeza mimi. Boma la Wajerumani la 1895, nyumba za zamani zenye milango ya kuchonga, na mahali alipoanzia Livingstone safari yake ya mwisho mwaka 1866. Mlale kwangu, asubuhi mnaanzia hapa hapa, mmeshapunguza na kilomita.

Salumu: Hiyo nimeipenda zaidi. Tunalala kwako.

Shaibu: Kaka, vali za tyubu zenu ni nene au nyembamba?

Salumu: Nyembamba.

Shaibu: Basi njooni na tyubu zenu za akiba, mbili kila mtu, na pampu yenu. Mafundi wa njiani wana za namba 26 na 28, vali nene, haziingii kwenye rimu zenu. Viraka na solusheni ninavyo mimi, msinunue.