Javakhishvili na azimio la 1937: waliopiga kura wana lawama?

Mleta mada: Wakuu, hili tulijadili bila kuoneana haya. Mikheil Javakhishvili, mwandishi wa riwaya wa Georgia, alihukumiwa kifo na Wabolsheviki, yaani wakomunisti waliotawala, mwaka 1923. Wasanii wenzake wakamwombea, akaachiwa baada ya miezi sita gerezani. Miaka 14 ikapita. Julai 1937 mshairi Paolo Iashvili akajipiga risasi ndani ya jengo la Chama cha Waandishi, Tbilisi, na Javakhishvili akathubutu kusifu ujasiri wa marehemu. Tarehe 26 mwezi huohuo waandishi wenzake wakapitisha azimio: ni adui wa umma, afukuzwe chamani na aangamizwe. Agosti akakamatwa, akateswa, na 30 Septemba akauawa kwa risasi.

Nasema waliopiga kura ile wana lawama. Mwandishi mwenzao Geronti Kikodze alikuwamo kikaoni, akainuka akatoka ili asipige kura. Alifariki 1960.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, ni rahisi kuhukumu ukiwa sebuleni kwako. Kikodze alibahatika tu. Mshairi Titsian Tabidze naye aliuawa mwaka uleule wa 1937. Georgia ilikuwa mkononi mwa Beria, mkuu wa chama cha kikomunisti kule. Hata wangegoma wote, Javakhishvili asingepona, na wao wangemfuata. Mtu ana watoto nyumbani, unataka afanyeje?

Mchangiaji wa pili: Kabla hamjagombana, someni riwaya yake ya 1924 kuhusu Jaqo. Teimuraz ni mwanamfalme, msomi, anapokonywa na msimamizi wake Jaqo mali, nyumba, hadi mke. Anaona kila kitu, anabaki kulalama. Mwandishi anamcheka kweli kweli, ila hamtupi. Nadhani waliokaa kikaoni siku ile alikuwa ameshawaandika miaka 13 kabla. (Kwangu hii inaipita hata *Kvachi*, riwaya yake ya yule tapeli anayependwa na wengi.)

Mleta mada: Teimuraz aliumia mwenyewe, ndugu yangu. Hawa walimnyoshea kidole mtu mwingine, na mke wa mtu huyo akaishia uhamishoni.

Mchangiaji wa kwanza, tuseme kura ile isingemwokoa. Sasa ilikuwa ya nini? Beria alikuwa na magereza na bunduki tayari, hakuhitaji ruhusa ya washairi. Aliwataka nao washiriki, ili kesho yake asiwepo wa kuuliza. Hicho ndicho Kikodze alichomnyima. Hapo utanijibu nini?