Seva ya mishahara na kila mtu ni root, nimechoka!

Wakuu, nimevumilia miezi minne, leo yamenifika shingoni.

Ofisini kwetu kuna seva ya Debian (mfumo wa Linux) yenye mishahara na madeni ya wateja. Pasiwedi ya root (akaunti yenye mamlaka yote ya mashine) wanayo watu tisa, wakiwemo vijana wawili waliomaliza mafunzo ya vitendo mwaka jana wakaondoka nayo kichwani. Mtu anaingia na akaunti yake ya kawaida, anaandika su (amri ya kuhamia root), anaweka pasiwedi, mashine yote ni yake. Ijumaa usiku kuna mtu kafuta folda nzima ya stakabadhi. Nafungua /var/log/auth.log, faili la kumbukumbu za wanaoingia, nakuta aliyehamia root ni akaunti ya "stoo". Hiyo akaunti wanaitumia watu watano! Nani kafuta? Hajulikani, na anayehojiwa ni mimi.

Kinachoniuma zaidi, dawa yake ni mstari mmoja tu. Umo tayari kwenye /etc/pam.d/su, faili la masharti ya su, Debian wenyewe wameuweka, ila umezimwa kwa alama ya #:

auth required pam_wheel.so

Ukiuwasha, asiyekuwa kwenye kundi la wheel (kundi la walioruhusiwa kutumia su) anakataliwa hata pasiwedi ikiwa sahihi. FreeBSD, mfumo mwingine wa seva, hawasubiri uombe: huko kama humo kwenye wheel, su haikupeleki root tangu siku unayosimika mfumo.

Nimeomba kwa barua pepe mara tatu. Mwezi uliopita mwenzangu akauwasha kimyakimya bila kuunda kundi. Debian haiji na kundi la wheel, na likikosekana hiyo pam_wheel inaangalia kundi lenye GID 0 (kundi namba 0, la root), ambalo kwetu halina mtu. Tukakwama wote, mimi nikiwemo, hadi mtu akaenda chumba cha seva kuingia root kwenye kibodi chenyewe. Bosi akasema "hicho kitu chako kinatuharibia kazi", # ikarudishwa. Jamani, kosa ni kuruka addgroup wheel (amri ya kuunda kundi) na kuingiza watu, mstari una kosa gani?

Halafu huyohuyo mwenzangu ananitajia Richard Stallman, mwanzilishi wa mradi wa programu huria wa GNU, kwamba su ya GNU ilikataa wheel ili wachache wasiwatawale wengine. Sawa, lakini hii ni mishahara ya watu!

Kesho nina kikao. Nataka wheel ya watu wawili, pasiwedi mpya ya root, na akaunti ya stoo ifungwe. Aliyewahi kumshawishi bosi wa namna hii, alimwambia nini akaelewa?