Kipenyo cha mabomba ya shaba ya kiyoyozi cha nyumbani

Mkazi wa Entebbe: Ndugu mafundi, kiyoyozi changu ni cha BTU 18,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza), na mashine ya nje itakaa juu ya paa. Kijitabu chake kinataka bomba la gesi, yaani lile nene linalorudisha gesi ya kupoza kwenye mashine ya nje, liwe la inchi 1/2, lakini fundi anashikilia 5/8, akidai kwamba pana zaidi ni bora. Je, ni kweli?

Fundi wa Kampala: Si kweli, ndugu. Bomba jembamba mno hushusha shinikizo la gesi inayorudi, na uwezo wa kupoza hupungua. Lakini lililo pana mno huipunguzia gesi mwendo, hata mafuta yanayosafiri nayo yakabaki njiani, hasa bomba linapopanda juu kama kwako, na kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi, ikakosa ulainisho. Fuata kijitabu, pamoja na ukomo wake wa urefu na kimo.

Mchangiaji wa Jinja: Naafiki. Urefu wa mabomba ukipita ule uliokadiriwa kiwandani, gesi huongezwa kwa gramu za kila mita iliyozidi, tena kwa mizani. Kukisia kwa mkono, kulikozoeleka mno, hakufai. Mabomba yote mawili, hilo la gesi na lile jembamba la kimiminika, yafunikwe kwa kizuia joto, kila moja peke yake, kwa kuwa katika viyoyozi vingi vya namna hii vali ya upanuzi, inayoshusha shinikizo la kimiminika hadi kikapoa, imo katika mashine ya nje, hivyo hata lile jembamba huwa baridi na kutoa jasho.

Mkazi wa Entebbe: Nashukuru. Nitamwonyesha fundi ukurasa wenyewe kabla hajanunua shaba.