Nikipunguza kilo nitapata nini, zaidi ya watu kuniuliza kama ninaumwa?

Mama wa Vitenge, Kadutu
Jambo zenu wote. Nina miaka 46, ninauza vitenge soko la Kadutu, hapa Bukavu. Kilo 98, urefu mita 1.62. Daktari ameniambia nipunguze. Nyumbani wanacheka. Bwana anasema nikikonda, ukoo wake watadai ananinyima chakula. Mwenzetu mmoja sokoni alikonda mwaka jana na mpaka leo akipita watu wananong'ona. Presha yangu iko juu kidogo, sukari haina neno. Habari za moyo na mishipa nimeshaambiwa, msinirudilie. Nauliza ninyi mliopunguza: tangu kuamka mpaka kulala, ni nini kilibadilika?

Mwalimu wa Bagira
Yaya, dada yangu, nilikuwa kilo 104, leo niko 89. Imenichukua miezi 14, kwa hiyo usitegemee muujiza wa mwezi mmoja.

Cha kwanza hakikuwa tumbo, kilikuwa kamba za viatu. Nilikuwa nazifunga nimebana pumzi kama mtu anayezamia ziwani: mguu mmoja, napumzika, ndipo wa pili. Nikichelewa shule, kijana wangu wa darasa la tano ndiye alinifungia. Asubuhi moja nikawa nimesimama mlangoni, viatu vyote vimefungwa, na maneno niliyokuwa nikimwambia mke wangu hayajakatika. Yeye ndiye aliyegundua, mimi wala.

Halafu ngazi. Mnaujua mji wetu, hata kuomba chumvi kwa jirani ni kupanda au kutelemka. Kutoka barabarani mpaka kwangu kuna ngazi 112 za mawe na udongo. Nazijua idadi kwa sababu nilikuwa nasimama mara nne, nikijifanya natafuta simu mfukoni. Siku hizi nasimama mara moja, na hapo simu inaita kweli.

Kukoroma kumepungua sana. Mke wangu alikuwa amehamia chumba cha mabinti miaka mitatu. Amerudi. Naishia hapo, kuna wanafunzi wangu humu.

Lakini kilichonifanya nianze ni boti. Nilikuwa nakwenda Goma kwenye msiba, wakatugawia majaketi ya kuokolea. La kwangu mkanda haukufika. Kijana wa boti akavuta, akaweka goti, abiria wote macho kwangu, mwishowe akanifunga kwa kamba ya katani kama gunia la makaa. Safari nzima nilitazama maji. Mwaka uliofuata nikasafiri tena, nina kilo 91: ta! Mkanda ukaingia. Niliufunga na kuufungua mara tatu, mpaka mzee wa pembeni akaniuliza kama naogopa ziwa.

Chai za kukondesha sikununua. Bugali mbili zikawa moja, bia ikabaki ya Jumamosi, na mawese tukaanza kuyapima. Kijiko kikubwa cha mafuta kina kalori kama 120, na sombe yetu, majani ya muhogo, ilikuwa inamiminiwa kwa upawa! Jioni nashuka kwenye moto, yaani pikipiki, mapema, namalizia kwa miguu.

Ubaya upo. Fundi amekula pesa yangu kwa kurudisha suruali zote ndani. Na kanisani niliwekewa mikono niombewe uponyaji, hakuna aliyeniuliza kwanza. Nikasema amina.

Muuguzi mstaafu
Mama, nikuongezee goti, maana muuza soko anasimama siku nzima. Kila kilo unayopunguza inaliondolea goti mzigo wa kilo kama 4 kwa kila hatua. Punguza 5 tu, ni 20 kila unapokanyaga. Na si lazima ufike uzito wa msichana: hata kilo 5 mpaka 10 kwa mtu kama wewe, presha huanza kushuka. Ila kama unameza dawa za presha usiziache mwenyewe, rudi upimwe, daktari ndiye apunguze.

Hao wanaonong'ona wana sababu, tusiwatukane. Mtu akikonda bila kukusudia, akakohoa zaidi ya wiki mbili na kutoka jasho usiku, apimwe kifua kikuu. Akiwa na kiu isiyoisha na kukojoa kila saa, apimwe sukari. Wewe utakuwa unajua kwa nini umepungua. Ndiyo tofauti.

Motari wa Nyawera
Mama, hatuwezi kukwambia usoni, lakini kwenye mpando, mvua ikiwa imenyesha, abiria wa kilo 98 tunamwomba ashuke atembee kidogo. Si dharau, ni gurudumu linateleza.

Mama wa Vitenge, Kadutu
Motari, nimeshashushwa kwenye matope nikiwa na kitenge kipya, kwa hiyo najua. Mwalimu, wewe unatafuta simu, mimi kwenye mpando nasalimia watu. Nasalimia hata nisiowajua, nauliza na habari za watoto, mpaka pumzi irudi. Sokoni wanasema nina adabu sana.

Aksanti, nimemsomea bwana yote. Penye kukoroma akanyamaza. Baadaye akaniuliza kutoka jikoni: hicho kijiko cha mawese, mwalimu amesema kikubwa cha namna gani, cha supu au kile cha kupakulia?