Breka ya ofisini inajikata kila asubuhi kwa ajili ya hita, na bosi anataka iwekwe kubwa. Naomba ushauri

Binti_wa_Njombe

Habari zenu wanajamvi. Nafanya kazi ya utawala kwenye ofisi moja hapa Njombe mjini. Tuko tisa, tumepanga ghorofani kwenye jengo la zamani kidogo. Anayeijua Njombe ya mwezi wa sita na wa saba hahitaji maelezo. Unaingia ofisini asubuhi unaona pumzi yako. Sakafu ni vigae, madirisha ni yale ya vioo vya luva ambavyo havibani, upepo unapita chini ya meza moja kwa moja hadi miguuni. Kuna dada anachapa barua na glavu alizozikata ncha za vidole.

Tangu Juni ianze watu wanaleta hita kutoka nyumbani. Ya kwanza ilikuwa ya mhasibu, ana pumu, sikuwa na moyo wa kumkatalia. Sasa zimefika tatu kwenye chumba kimoja kikubwa, zote zimeandikwa wati 2000. Mbili zimechomekwa kwenye ekstensheni moja, ile nyeupe ya matundu manne. Birika la umeme liko humo humo, na kompyuta sita na printa.

Saa mbili watu wanawasha. Ikikaribia saa tatu, soketi zote zinakufa. Taa zinabaki zinawaka, ila kompyuta zinazima, na ambaye hakuhifadhi kazi yake imeenda. Mlinzi anapandisha breka, na safari ya pili haimalizi hata robo saa. Mtu akiwasha birika wakati hita zote tatu zinafanya kazi, ni dakika chache tu.

Juzi tukaanza kusikia harufu kama ya dagaa. Tulikagua mikoba ya chakula, tukakagua pipa la taka, hakuna kitu. Baadaye nikagundua inatoka upande wa soketi ya ukutani inakochomekwa ile ekstensheni.

Bosi ameita fundi. Fundi ametazama akasema breka ni ya ampia 20, aweke ya 32 na mambo yataisha. Anakuja Jumatatu. Mimi moyo umesita, lakini sina elimu ya umeme na siwezi kumbishia bosi kwa hisia. Breka kubwa ni dawa kweli? Na kama si dawa, hawa watu niwafanyeje? Sitaki kuwanyang'anya hita halafu niwaache wanatetemeka.

Fundi_Makambako

Kamwene binti yangu. Nimefunga umeme majumbani na maofisini zaidi ya miaka thelathini, nimestaafu nina magoti mabovu lakini hili nitakuandikia hadi mwisho.

Kwanza, hiyo harufu ya dagaa isisubiri Jumatatu. Ile plastiki ngumu ya soketi na plagi ikipata moto kupita kiasi hutoa harufu ya samaki kabla haijatoa moshi. Zimeni breka ya soketi leo, chomoeni ekstensheni, na soketi hiyo isitumike tena mpaka ifunguliwe.

Sasa hesabu. Umeme wetu ni volti 230. Hita ya wati 2000 inavuta ampia 8.7, yaani kiasi cha umeme unaopita kwenye waya. Tatu ni 26. Weka kompyuta na printa, unafika 29 hivi. Breka yako ni ya 20. Unaweza kuuliza, mbona haijikati papo hapo? Kwa sababu ndani yake kuna ulimi wa metali mbili unaojikunja polepole kadiri unavyopata joto. Breka ya 20 ikibebeshwa 29 inatakiwa ijikate ndani ya saa moja, na yako inafanya hivyo hivyo. Mlinzi akiipandisha ikiwa bado ya moto, safari ya pili inawahi. Ukiongeza birika unakaribia 38, ndiyo maana haichukui muda. Kwa hiyo breka yako ni nzima. Inakwambia ukweli kila asubuhi na mnaitia ubovu.

Breka haipo pale kulinda kompyuta. Inalinda waya uliozikwa ukutani. Kwa jengo la namna hiyo soketi zako kwa kawaida zimevutwa na waya wa milimita za mraba 2.5. Waya huo ukiwa ndani ya bomba kwenye ukuta unabeba ampia 20 na kidogo kwa raha. Akiweka breka ya 32, zile 29 zitapita asubuhi hadi jioni bila mtu kujua. Na joto la waya haliongezeki sawa na umeme: umeme ukizidi mara mbili, joto linazidi mara nne. Mpira wa waya wa kawaida umetengenezwa kuvumilia nyuzi 70. Ukipikwa zaidi ya hapo kila siku unakauka, unakuwa kama ganda la karanga, halafu siku moja unapasuka mahali ambapo hakuna jicho la mtu.

Mwambie fundi akuonyeshe leseni yake ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, kabla hajashika bisibisi.

Stima_Limuru

Dada, pole sana, Julai yenu ni kama yetu huku Limuru. Mimi nakuomba uangalie hiyo ekstensheni. Geuza waya wake usome maandishi madogo. Ukiona 0.75, yaani milimita za mraba, jua hiyo ni ya ampia 6 hivi, ni ya kuchajia simu na kuwasha redio. Hita mbili juu yake ni 17. Na kama ni ile ya kuzungusha kwenye gurudumu, ikitumika ikiwa imekunjwa inajipika yenyewe katikati. Hita ichomekwe ukutani moja kwa moja, siku zote, hata kama ni moja.

Mzee_wa_Gridi

Samahani, naona mnamtisha dada wa watu. Ofisini kwetu Mbeya tuna waya wa 2.5 na breka ya 32, mwaka wa sita huu na hakuna kilichoungua. Huyo fundi wa Jumatatu anaweza kuwa sahihi kabisa.

Fundi_Makambako

Mzee mwenzangu, inawezekana unasema kweli kuhusu kwenu, na nitakwambia kwa nini. Kuna ufungaji wa ringi: waya unatoka kwenye breka, unazunguka soketi zote, unarudi kwenye breka ile ile. Kila soketi inalishwa kutoka pande mbili, mzigo unagawanyika, ndiyo maana 32 inaruhusiwa kwenye 2.5. Ukifungua boksi la breka utakuta nyaya mbili za moto zimeingia kwenye breka moja.

Kwa binti breka ni ya 20. Aliyeifunga mara ya kwanza hakuchagua namba hiyo kwa bahati nasibu, inaelekea waya unakwenda na kuishia soketi ya mwisho, haurudi. Hata zikionekana nyaya mbili, apime kwanza kama kweli ni mzunguko uliokamilika, maana nimekuta ringi nyingi zilizokatwa katikati na mtu aliyekuwa anaongeza soketi. Bila kufungua na kupima hakuna anayejua, si mimi wala wewe wala huyo fundi aliyetazama akiwa amesimama mlangoni.

Binti_wa_Njombe

Asanteni sana baba na ndugu zangu. Jana jioni tulizima breka, fundi mwingine jirani (ana leseni, nimeiona) akafungua ile soketi. Skrubu ya waya wa moto ilikuwa imelegea, inacheza. Plastiki pale imekuwa kahawia kama ukoko wa ugali, na mpira wa waya umekauka kama urefu wa kidole gumba, ukiugusa unamomonyoka. Alikata ile sehemu mbovu akaweka soketi mpya. Waya ni 2.5 na haurudi, kama baba alivyosema. Ekstensheni imeandikwa 0.75.

Kitu kingine kilichonishtua: plagi ya hita mojawapo ndani haina fyuzi. Mtu ameweka karatasi ya pakiti ya sigara, ile ya kung'aa.

Nimemwambia bosi tusiweke 32. Akaniuliza, "Basi nipige marufuku hita zote?" Sikuwa na jibu zuri.

Nipo_Minnesota

Dada, mimi ni mtu wa Moshi niliyehamia Minnesota. Huku Januari inashuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri na bado tunagombana kuhusu hita za chini ya meza, pamoja na kwamba jengo zima lina joto la kati. Umeme wa huku ni volti 120, soketi nyingi ziko kwenye breka ya 15 au 20, na hita ya wati 1500 peke yake inavuta 12.5. Wawili wakiwasha kwenye laini moja, idara nzima inazima.

Tulikopita sisi ni hapa: mwajiri alipiga marufuku, watu wakaendelea kuzificha nyuma ya makabati na makaratasi. Hiyo ilikuwa hatari kuliko mwanzo, kwa sababu hita inatakiwa iwe na nafasi ya kama mita moja mbele na pembeni bila kitu cha kuungua. Kilichosaidia ni kuuliza kila mtu anasikia baridi wapi. Karibu wote walisema miguu. Mkeka wa umeme wa kukanyagia unatumia wati 100 hivi. Ishirini ya hiyo ni sawa na hita moja yako.

Mkazi_Makete

Naomba bosi wako asome hapa. Mimi niko Makete, asubuhi umande unaganda juu ya majani, tunaijua baridi. Ukipiga marufuku hita bila kuweka kitu kingine, kuna mtu ataleta jiko la mkaa ndani na kufunga madirisha. Mkaa ukiwaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Mtu anasikia kichwa kizito, anasinzia, haamki. Nimesaidia kubeba majirani waliolala na jiko chumbani, mume na mke, asubuhi ya Julai. Wote walikuwa kama wamelala. Siwezi kuisahau sura ya mtoto wao aliyekuwa amelala chumba cha pili akatoka mzima, anauliza mbona mama haitiki.

Kwa hiyo suala si marufuku. Hao watu wanahitaji joto la kweli.

Fundi_Makambako

Mkazi amesema neno. Binti, kwa upande wa umeme fanya hivi. Laini ya sasa ibaki na breka yake ya 20, ibebe kompyuta, printa na hita moja tu. Birika litoke humo, liende kwenye soketi ya laini nyingine. Mwombe mwenye nyumba kibali cha kuvuta laini mpya kutoka kwenye boksi, waya wa 2.5 na breka yake ya 20, kwa ajili ya hita mbili na hakuna kingine. Hita mbili ni ampia 17, inatosha. Fundi aangalie kwanza kama meni swichi (swichi kuu) na waya unaotoka kwenye mita vinabeba mzigo wote.

Ile plagi ya karatasi itupwe, nunua mpya yenye fyuzi ya ampia 13. Hiyo karatasi haitakatika kwa wakati hata siku moja.

Afya_na_Kazi

Naongeza dogo. Bosi asione ni hisani, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamwajibisha mwajiri kwa usalama wa watu wake. Na muwe na kizima moto cha hewa ya ukaa au cha unga karibu na boksi la breka, moto wa umeme haumwagiwi maji. Bandikeni 114 ya Zimamoto ukutani.

Pia mpigie hesabu ya LUKU, umeme wa kulipia kabla. Hita tatu ni uniti 6 kwa saa.

Binti_wa_Njombe

Narudi na mrejesho baada ya siku kumi.

Ile ya LUKU ndiyo iliyomfanya bosi akae chini. Sisi uniti ni shilingi 356. Uniti 6 kwa saa, saa nane za kazi, ni shilingi 17,088 kwa siku. Aliandika namba ile kwenye kiganja chake, akaniambia nenda kaangalie madirisha kwanza. Tumenunua nailoni nzito ya mita, tumepigilia kwa ndani kwenye luva za upande wa upepo, tukaacha dirisha moja la kufungua hewa iingie. Sikutegemea ingeleta tofauti kubwa hivyo. Seremala ametutengenezea vibao vya mbao za pinasi vya kuwekea miguu, kila meza kimoja, miguu haigusi vigae tena. Chupa mbili kubwa za chai zinajazwa jikoni asubuhi, birika halirudi chumbani.

Hita iliyobaki ni moja, iko karibu na mhasibu, ukutani moja kwa moja. Breka haijajikata tangu Alhamisi ya wiki iliyopita. Mwenye nyumba hajajibu kuhusu laini mpya, na wale wawili wa upande wa nyuma bado wanaona baridi, wamehamishia meza karibu na hita kwa muda. Nitaendelea kumsumbua mwenye nyumba.

Baba wa Makambako, uliyoniambia kwenye simu nimefanya. Leo saa sita, hita ikiwa imewaka tangu asubuhi, nilishika plagi kwa kiganja. Ni vuguvugu, haichomi.

Fundi_Makambako

Vuguvugu ni sawa. Ishike tena Ijumaa, na Ijumaa nyingine. Siku utakayoshindwa kuacha kiganja pale, zima ukutani na uniite, usingoje breka.