Dereva wa bajaji na programu ya kupima hewa ukaa: hizi lita tano ni zangu au za abiria?

bajaji_segerea

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni dereva wa bajaji, kijiwe changu kipo Segerea, Dar es Salaam, na safari zangu nyingi ni Tabata na Buguruni. Binti yangu yuko kidato cha nne. Wiki mbili zilizopita aliniwekea kwenye simu programu ya kupima hewa ukaa ya mtu mmoja mmoja. Unajaza unachokula, unachopikia, unasafiri kwa nini, umeme kiasi gani, yenyewe inakupa hesabu ya mwaka. Tulikaa kibarazani baada ya chakula, yeye anasoma maswali kwa Kiingereza na kunitafsiria, mimi najibu.

Swali la usafiri likaja: unachoma mafuta kiasi gani kwa wiki? Nikasema ukweli. Natumia lita tano za petroli kwa siku, siku sita, Jumapili napumzika. Ikatoka tani 4.1 kwa mwaka, rangi nyekundu, na maneno kwamba nimepita mbali wastani wa nchi yangu. Binti akaniambia wastani wa Mtanzania ni kama robo tani. Alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Baba, wewe peke yako ni kama watu kumi na sita."

Wakuu, maneno yale yaliniuma. Sina gari la kutembelea. Sijawahi kupanda ndege. Nyama tunakula Jumapili. Zile lita tano nabeba watu: mama anawahi kliniki, mwanafunzi, mtu na ndoo zake za samaki anatoka Feri. Kwa siku sikosi abiria 40.

Halafu tukafika jikoni. Nyumbani tuko sita na tunapikia mkaa. Programu ina gesi, ina umeme, ina mafuta ya kupashia nyumba joto wakati wa baridi, ina kuni. Mkaa haumo. Binti akachagua kuni, ikaandika sifuri. Mke wangu alikuwa anapuliza jiko pale pale, moshi wote unamwingia machoni, na simu inasema sifuri. Hapo ndipo nilipoacha kuiamini.

Naomba kuuliza mambo mawili. Kwanza, hesabu ya lita tano ni yangu yote au ya abiria? Pili, mkaa unahesabiwaje? Sitaki kuifuta programu hii, kwa sababu mtoto kaishika kwa moyo na mimi nataka kupunguza kweli. Ila nataka nipunguze kitu kilichopo, siyo namba ya kubahatisha.

---

mhasibu_wa_kawaida

Pole kaka, na hongera kwa kukaa na binti kibarazani mkafanya hiyo kazi.

Lita moja ya petroli ikiungua inatoa kama kilo 2.3 za hewa ukaa. Lita tano ni kilo 11.5 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni kilo 299 kwa mwezi, kwa mwaka tani 3.6 hivi. Haiko mbali na ile 4.1 ya programu, kwa hiyo programu haikukosea sana kuzidisha, imekosea kuuliza. Imekuchukua kama mtu mwenye gari lake anayekwenda ofisini.

Fungua madaftari mawili. La nyumbani liandike chakula, jiko, umeme, na safari zako mwenyewe usipokuwa kazini. La kazi liandike lita na abiria. Hewa ile kila abiria anabeba sehemu yake, na ukiiandika kwako yote, kisha abiria naye akaandika safari yake kwenye simu yake, moshi ule ule mmoja umehesabiwa mara mbili. Kilo 11.5 ukigawa kwa abiria 40 ni chini ya gramu 300 kwa kichwa. Mtu anayetoka Segerea hadi Buguruni peke yake kwenye gari dogo, kilomita kumi na foleni yake, anachoma lita nzima: kilo 2.3 kichwa kimoja.

Hii haikuondolei wajibu. Namba yako wewe ya kuangalia ni lita kwa abiria. Kila kilomita unayorudi tupu kutafuta mtu, hiyo haina wa kugawana naye, ni yako. Anzia hapo.

---

miombo_kilosa

Nimefanya kazi ya misitu ya vijiji Kilosa kwa miaka, naomba nijibu la mkaa.

Ile sifuri ina maelezo yake. Walioandika programu hizi wanasema mti ukikatwa, mwingine ukaota mahali pake, ule mpya unavuta tena hewa ile ile. Kwa hiyo kuni na mkaa wanaziandika sifuri. Hoja hiyo ni kweli mahali miti inapoachwa ikaota. Vipo vijiji Kilosa vilivyogawa msitu kwa vitalu vya mita 50 kwa 50 kama ubao wa drafti, unakata kimoja unaruka kingine, na kilichokatwa kinapumzishwa miaka 24. Miombo huchipua kwenye visiki na mizizi yenyewe. Ukipita pale baada ya mvua mbili tatu unakuta machipukizi yamekupita kichwa.

Lakini sado, ile ndoo ndogo ya kupimia mkaa, unayonunua Segerea haina cheti cha kuzaliwa. Inaweza kuwa imetoka Kisarawe, Rufiji, Handeni, au shamba lililofyekwa ambalo sasa ni ufuta mtupu na hakuna mti utakaorudi. Hapo sifuri ni uongo.

Na kuna jambo ambalo watu wa mjini hawalioni. Tanuri la udongo la kienyeji linahitaji kilo saba, nane, wakati mwingine kumi za mti kupata kilo moja ya mkaa. Zaidi ya nusu ya kaboni ya mti imeshaondoka kule porini kabla gunia halijapanda kwenye lori. Nimelala kando ya tanuri mara nyingi. Usiku unaliona linapumua, moshi mweupe mzito unatoka kwenye matundu ya pembeni, mchomaji anazunguka na koleo kuziba pale udongo ulipopasuka, maana hewa ikiingia nyingi asubuhi anakuta majivu. Kwa kuwa linanyimwa hewa, linatoa na methani pia, ambayo kwa miaka 100 inapasha dunia joto kama mara 28 kuliko hewa ukaa ya uzito ule ule. Moshi unaomwingia mkeo machoni ni mkia tu wa moshi wenyewe.

Fanya hivi. Pima sado yako kwa mizani ujue ni kilo ngapi. Kila kilo ya mkaa ikiungua jikoni andika kilo tatu za hewa ukaa, na pembeni andika kilo nane za mti. Hiyo ya pili ndiyo itakayokusukuma.

---

kwa_nini_sisi

Mimi nina maoni tofauti, na nasema kwa heshima. Kaka yangu, hiyo aibu uliyovishwa si yako. Hili wazo la kila mtu kupima nyayo zake za kaboni lilienezwa sana na kampuni ya mafuta ya BP, ambayo mwaka 2004 ilitoa kikokotoo chake watu wajipime. Anayechimba mafuta anamwuliza anayenunua lita tano, "Wewe umechafua kiasi gani?" Wastani wa dunia ni zaidi ya tani nne kwa mtu, Mmarekani anapita 13, sisi hata nusu tani hatufiki. Mfundishe binti kudai mabasi ya umeme na reli, asimpime baba yake.

---

ughaibuni_ruhr

Naungana na hapo juu kwa nusu. Naishi Ujerumani, na huku idara ya serikali ya mazingira ina kikokotoo chake. Wastani wa mtu wa huku ni kama tani kumi. Mimi kikinipa tani tisa, zaidi ya mbili ni ndege ya kuja nyumbani Desemba, na nyingine kubwa ni gesi ya kupasha nyumba joto. Kwangu programu inafaa kwa sababu imetungwa kwa maisha ya huku. Kaka wa bajaji, umejaza fomu ya mtu mwingine.

---

mama_wa_maharage

Kaka, mimi niko Mwanza, nauza chakula. Jiko naliongea kwa vipimo.

Mwaka jana nilinunua jiko la presha la umeme kwa pesa ya kikoba. Kila mtu aliniambia umeme utanila. Nikasema nipime. Nilizima friji, televisheni, taa zote, nikachomoa hadi chaja. Nikasogea kwenye mita ya LUKU nikiwa na karatasi: 31.6. Nikaweka maharage nusu kilo yaliyolowekwa tangu usiku, maji, nikafunga. Yalipoiva nikarudi kwenye mita: 31.2. Sehemu nne kwa kumi za uniti moja! Nilirudia kesho yake kwa sababu sikuamini. Zamani maharage hayo hayo yalinimalizia karibu sado nzima ya mkaa na nusu siku ya kuchochea.

Sasa kwenye hewa ukaa. Hata tukisema umeme wote umetoka kwenye mitambo ya gesi, uniti moja ni kama nusu kilo, kwa hiyo maharage yangu ni gramu 200. Na siyo wote unatoka kwenye gesi. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji limejengwa kwa megawati 2,115, na ni maji yale. Mkaa wa sado moja jikoni unakaribia kilo nne, bila kugusa habari ya tanuri.

Ugali sijauhamisha, nasema ukweli. Ugali unataka kusukumwa, na sufuria ya jiko lile inateleza mkononi. Chapati nazo bado. Lakini anza na vitu vya kuchemka muda mrefu: maharage, makande, kwato. Huko ndiko mkaa unakoishia. Mwambie shemeji ajaribu kwa jirani kwanza kabla hujatoa hela.

---

boda_kawangware

Salamu kutoka Nairobi. Mimi ni wa bodaboda, na nilikuwa nachoma lita tatu kwa siku, yaani karibu kilo saba za hewa ukaa. Sasa nina pikipiki ya stima, yaani umeme. Betri ikiisha nafika kwenye kituo, natoa hii, naweka iliyojaa, dakika chache nimerudi barabarani. Natumia mbili kwa siku. Stima yetu kubwa inatoka kwa mvuke wa ardhini kule Olkaria, maji, na upepo, kwa hivyo nikiingiza Kenya kwenye programu kama yako karibu inaniandikia hakuna kitu.

Faida niliyoiona kwanza lakini ni mfukoni. Nikiwa kwa foleni Waiyaki Way injini haili chochote. Uliza huko Dar kama bajaji za betri zinapatikana kwa mkopo, na usikubali kabla hujajua vituo vya betri viko wapi kwenye njia yako. Mwenzangu mmoja alisukuma yake kilomita tatu usiku.

---

bajaji_segerea

Wakuu, ni wiki nne sasa. Nimerudi na majibu, maana ningekaa kimya ningewakosea.

Nilichukua daftari la mraba la binti. Kila jioni naandika lita, abiria, na kilomita nilizotembea tupu. Wiki ya kwanza nilishtuka: karibu theluthi ya kilomita zangu zilikuwa tupu. Nilikuwa nikishusha Buguruni nageuza hapo hapo kurudi Segerea kuwahi foleni ya kijiwe. Sasa nimeelewana na wenzangu wa Buguruni, nasubiri zamu yangu pale hadi nipate watu. Kelele zilikuwepo siku mbili, zikaisha. Pia nilipeleka bajaji kwa fundi, akasafisha kabureta na kubadili plagi, na tairi za nyuma zilikuwa na upepo mdogo muda wote huu. Kwenye mataa nikiona foleni imekaa, nazima.

Kutoka lita tano nimefika lita nne na robo, na abiria wameongezeka kidogo, 44, 46. Wa Kilosa na mhasibu, nimewafuata hadi nukta: hewa ukaa kwa abiria imeshuka kutoka karibu gramu 290 hadi kama 215. Gesi ya magari nimeiulizia. Kwa mahesabu inapunguza kama moja ya tano ya hewa ukaa ya petroli, ila foleni ya kujaza naiona kila nikipita Ubungo usiku, na siku nikilala kwenye foleni ile watoto watakula nini. Nitaifikiria.

Mkaa tulipima kwa mizani ya muuza nyama. Sado yetu yenye kilemba ni kilo 1.2, na tulikuwa tunachoma moja na nusu kwa siku. Binti akazidisha mara nane: kilo 14 za mti, kila siku. Alizunguka nyuma ya nyumba akanyanyua ule mzigo wa mbao chakavu ili aone kilo 14 zina uzito gani mkononi. Hakusema kitu, aliziweka chini taratibu. Mama yake alikuwa mlangoni anamwangalia.

Jumamosi iliyofuata mke wangu aliazima jiko la presha la jirani. Mita yetu ilisoma 18.9, ikaishia 18.4. Mama wa Mwanza, kwetu yamekula nusu uniti, maharage hatukuyaloweka. Amejiandikisha zamu ya kikoba ya mwezi wa tatu.

Ndugu wa "kwa nini sisi", nimekuelewa na sikatai. Tani za Marekani si zangu. Lakini macho yanayowasha ni ya mke wangu, na petroli nanunua mimi, kwa hiyo daftari naliendeleza. Na reli na mabasi ya umeme binti anayadai pia, ameyaandika kwenye insha ya shule.

Ile programu tumewaandikia wenyewe tukiomba waweke mkaa, bajaji na daladala. Hawajajibu. Binti ameandika tena jana, safari hii na picha ya sado juu ya mizani.

Leo: lita 4.2, abiria 45, sado moja.